Chombo cha umma cha fedha za nyumba kiongozwe na nani: mtu wa benki, wa ardhi, wa ujenzi au wa siasa?

#1 Msingi_Imara

Wakuu, heshima kwenu.

Marehemu baba alijenga nyumba yetu ya Sinza kwa mkopo wa Benki ya Nyumba Tanzania, ile THB iliyoanzishwa 1973. Wiki iliyopita, nilipokuwa nikipekua sanduku lake, niliikuta kadi ya marejesho, ya rangi ya kaki, imekunjwa mara mbili, ina muhuri wa zambarau kwa kila mwezi alioulipa. Mihuri inakwenda vizuri hadi Agosti 1986, kisha inakoma, na nyuma ya kadi hakuna neno lolote. Miaka 9 baadaye, yaani 1995, benki yenyewe ikafungwa.

Kadi hiyo imenifanya nijiulize swali ambalo naomba tulijadili bila matusi. Dai langu ni kwamba THB haikufa kwa kukosa fedha, kwa sababu ilikuwa na amana za wananchi, ilikuwa na mgongo wa Serikali, na tangu 1974 palikuwa na Mfuko wa Nyumba wa Wafanyakazi na Wakulima. Ilikufa kwa sababu kazi ya kuongoza chombo cha namna ile haikueleweka ni kazi gani. Leo tukipewa nafasi ya kumchagua mtendaji mkuu wa chombo kama hicho, tumtafute wapi?

#2 Kokoto

Benki, na uzi ungeweza kuishia hapa. Fedha za nyumba ni fedha kabla hazijawa nyumba. Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962, lakini lilipopata mkurugenzi mkuu aliyetoka benki, Nehemia Mchechu, mwaka 2010, ndipo lilipoanza kwa nguvu kukopa na kujenga nyumba za kuuza badala ya kukaa likikusanya pango. Mhandisi angeanza na ramani, mtu wa benki alianza na mizania.

#3 Karani_Mstaafu

Asante mleta uzi. Sahihisho dogo kwanza: sheria ya THB ni ya 1972, milango ndiyo iliyofunguliwa 1973, na haikuanzia sifuri kwa kuwa ilirithi shughuli za Permanent Housing Finance Company of Tanzania.

Nilitumikia chombo kimoja cha umma cha mikopo kwa miaka 19, ambacho sitakitaja, na dirisha langu lilikuwa la marejesho. Vijana wakisikia neno uongozi wanafikiria maono na mikakati. Mimi nikilisikia nalikumbuka faili moja la kijani lililoletwa mezani likiwa na kikaratasi kilichobanwa kwa pini, kimeandikwa neno moja tu kwa wino mwekundu: "Ashughulikiwe." Hakuna jina la aliyeandika, lakini kila mtu ofisini aliujua mwandiko. Mwombaji hakuwa na kiwanja, achilia mbali hati. Alishughulikiwa. Vikaratasi vya namna hiyo havikuja kila siku, vilikuja pengine mara mbili kwa mwezi, ila kila kimoja kilichukua fedha za waombaji kumi wa kawaida, na wenye vikaratasi hawakuwahi kufika kwenye dirisha langu hata siku moja.

Kwa hiyo jibu langu kwa mleta uzi si benki wala ardhi. Tafuta mtu ambaye kikaratasi kikifika kwake kitarudi kilikotoka, na ambaye siku ya pili yake bado atakuwa na kazi. Sehemu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo ngumu.

Kuhusu kadi ya mzee wako, Agosti 1986, sisemi kitu. Nakukumbusha tu kwamba wadaiwa wengi huwa wanasimulia kuwa benki ndiyo iliyokufa kwanza.

#4 Kokoto

Hahaha, mleta uzi, kumbe baba yako ndiye aliyeiua benki halafu umekuja kututafutia mkurugenzi!

#5 Msingi_Imara

Nitamuuliza mama. Yupo Moshi, simu yake inazimwa saa 2 usiku.

#6 Mpima_Ardhi

Nadhani wote mnaanzia juu ya paa. Mkopo wa nyumba ni mkopo wenye rehani, na rehani inahitaji kitu cha kuwekwa rehani. Sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi katika makazi yasiyopimwa, ambako mtu ana karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au akijitahidi sana ana leseni ya makazi, ambayo ina muda na mabenki mengi hayaipendi. Hata sheria iliyowezesha mtu kumiliki chumba kimoja cha ghorofa kwa hati yake mwenyewe, Sheria ya Hati za Sehemu ya Jengo, tuliipata 2008 tu, pamoja na ile ya masharti maalumu ya mikopo ya rehani. Kabla ya hapo ungemkopesha nani fleti?

Mweke mtu wa benki bora kuliko wote duniani, atakaa ofisini akisubiri hati ambazo hazitoki katika wizara yake. Ndiyo maana nasema kiongozi wa chombo hiki lazima awe mtu anayeweza kuingia ofisi ya ardhi na kusikilizwa.

#7 Shangazi_Tabata

Wanangu, mimi si mtaalamu wa lolote kati ya hayo ila nina mfano ulio hai.

Nimeajiriwa, nina mshahara unaopita benki, nina kiwanja kilichopimwa huko Kinyerezi na hati yangu ipo kabatini ndani ya mfuko wa nailoni. Nilipokwenda kuomba mkopo wa kujenga kwenye benki moja, nilipewa orodha: ripoti ya mthamini, makadirio ya gharama za ujenzi, kibali cha ujenzi, michoro yenye muhuri, taarifa ya hati kutoka kwa msajili, bima ya maisha, bima ya nyumba ambayo bado haijajengwa, na ridhaa ya mume. Mume wangu alifariki 2011. Kijana wa mkopo akaniambia kwamba basi nilete cheti cha kifo, nikaleta, kisha akasema kinatakiwa kuthibitishwa, nikathibitisha, na baada ya miezi 5 ripoti ya mthamini ikawa imeisha muda wake na natakiwa kulipia nyingine.

Sikukataliwa. Ningekataliwa ningejua. Sasa huyo mtendaji mkuu mnayemtafuta, je, kazi yake inafika mpaka kwenye meza ya yule kijana?

#8 Hesabu_za_Jioni

Shangazi, pole. Naomba nikupe hesabu ambayo pengine itakufariji kwamba ulichelewa.

Chukua mkopo wa Sh milioni 60 kwa riba ya 17% kwa mwaka, ambayo kwa soko letu si ya kushangaza. Ukilipa kwa miaka 15, rejesho ni kama Sh 923,000 kila mwezi, na hadi mwisho utakuwa umelipa milioni 166. Sasa watu husema tatizo letu ni mikopo ya muda mfupi, kwa hiyo tukuongezee hadi miaka 20. Rejesho linashuka hadi 880,000. Yaani kwa miaka 5 zaidi ya kudaiwa umepata nafuu ya Sh 43,000 kwa mwezi, ambayo ni nauli na vocha. Lakini ukiiacha miaka 15 palepale na kuishusha riba hadi 10%, rejesho linakuwa 645,000.

Hoja yangu ni hii. Vyombo kama TMRC, yaani Tanzania Mortgage Refinance Company, viliundwa kuyapa mabenki fedha za muda mrefu ili nayo yakopeshe kwa muda mrefu, maana benki inayotegemea amana ambazo mteja anaweza kuzichukua kesho haiwezi kumpa mtu mkopo wa miaka 20 ikalala usingizi. Hilo ni sahihi kabisa. Ila riba ikiwa juu kiasi hiki, muda mrefu haumsaidii mkopaji karibu chochote. Kiongozi wa chombo anaweza kutimiza kila lengo lililoandikwa kwenye mkataba wake wa kazi, na Shangazi asione tofauti.

#9 Kokoto

Na riba inashushwa na nani? Hatifungani ya Serikali ya miaka 25 ilipoanza kuuzwa 2021 ilikuwa inalipa 15.95%. Benki yenye akili timamu inaweza kuikopesha Serikali, ikalipwa bila kumfukuza mtu, bila mthamini na bila cheti cha kifo. Kwa nini imkopeshe Shangazi kwa 10%? Tatizo si kiongozi, na hapo najipinga mwenyewe kidogo kwenye bandiko namba 2, lakini hata hivyo ni mtu wa benki tu ndiye atakayeielewa hesabu hiyo siku ya kwanza kazini.

Pia sijaelewa kwa nini shirika la umma kama TMRC lisipewe fedha za bajeti likopeshe wananchi moja kwa moja.

#10 Dirisha_la_Kusini

Kokoto, TMRC si shirika la umma kwa maana unayoikusudia. Ni kampuni iliyosajiliwa 2010 ambayo wanahisa wake wengi ni mabenki yenyewe, inakopesha mabenki tu, na haina dirisha la kumhudumia mwananchi. Sehemu ya umma inatokea kwingine: fedha za kuanzia zilitoka kwenye mradi wa fedha za nyumba wa Benki ya Dunia, dola milioni 40 mwaka 2010 na nyongeza ya milioni 60 mwaka 2015, ambazo Serikali ilizikopa na sisi sote tutazilipa. Tangu 2018 imekuwa ikiuza pia hatifungani zake, zilizoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam.

Haki kwao ni kwamba wakati wanaanza, mabenki yaliyokuwa yakitoa mkopo wa nyumba yalikuwa matatu, na sasa yamepita 30. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba mikopo yote ya rehani nchini bado haijafika hata 1% ya pato la taifa. Kila mtu kwenye uzi huu anaweza kuchagua sentensi mojawapo kati ya hizo mbili na kuondoka nayo akiwa na furaha.

Kuhusu kukopesha wananchi moja kwa moja, hicho ndicho alichokifanya marehemu THB.

#11 Njiru_76

Habari zenu kutoka Nairobi. Nawasoma kwa makini kwa sababu jibu la Hesabu_za_Jioni lilijaribiwa kwetu.

KMRC, ambayo ni ndugu wa TMRC, ilisajiliwa 2018 na kupewa leseni na Benki Kuu ya Kenya 2020. Hazina ya Taifa ina 25% ya hisa, na wanahisa wengine ni pamoja na mabenki na vyama vya akiba na mikopo. Ilianza kwa kuwakopesha wakopeshaji kwa 5%, kwa masharti kwamba mwananchi asitozwe riba ya tarakimu mbili. Iliwezekana kwa sababu fedha zile zilitoka Benki ya Dunia, dola milioni 250, na Benki ya Maendeleo ya Afrika, dola milioni 100, kupitia Hazina, kwa masharti nafuu. Lakini ilipokwenda sokoni yenyewe 2022 na kuuza hatifungani ya Sh bilioni 1.4 za Kenya, soko liliitaka riba ya 12.5%. Hapo ndipo kazi ya mtendaji mkuu inapoonekana: ana ndoo moja ya maji baridi isiyojazwa tena kila siku, na bomba la maji ya moto lisiloisha, na anatakiwa kuchanganya ili mtoto asiungue. Kila mkopo mpya unaongeza maji ya moto.

Na matokeo? Hesabu ya Benki Kuu ya mwisho wa 2023 ilionyesha akaunti za rehani zipatazo 30,000 tu, kwa nchi nzima. Sioni kama mtu wa ardhi au mtu wa siasa angeleta 300,000.

#12 Kokoto

Ninyi mna njia ya mkato. Mnakatwa 1.5% ya mshahara mtake msitake, na mwajiri anaongeza 1.5% nyingine. Shangazi angekuwa Nairobi angekuwa anachangia nyumba ya jirani.

#13 Njiru_76

Ndugu Kokoto, umecheka mapema. Tozo ile iliwekwa kwa Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama Kuu ikaitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwezi Novemba mwaka huohuo, na ikarudi kwa sheria mpya ya nyumba za bei nafuu iliyotiwa saini Machi 2024, ikiwa na bodi yake. Mimi nakatwa, na nina nyumba yangu niliyoijenga kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, kwa hiyo nina sababu zote za kulalamika. Ila umesahau kwamba ninyi mlitutangulia kwa miaka 50. Mfuko wa Wafanyakazi na Wakulima aliousema mleta uzi ulichangiwa na waajiri kwa asilimia ya mishahara. Ulikwenda wapi?

#14 Karani_Mstaafu

Ndugu Njiru umegusa kidonda. Ulikwenda na wenzake. Wengi wa waliofaidika walikuwa wafanyakazi kuliko wakulima, kwa sababu mfanyakazi ndiye aliyekuwa na mshahara wa kukatwa, na mkulima alikuwa na msimu.

#15 Mkunazini

Assalaam alaikum. Naandika kutoka Unguja.

Nyote mnazungumza kana kwamba riba ni mvua, inayonyesha kwa kila mtu. Kwetu wapo watu wenye mishahara, wenye hati, na wenye nia ya kulipa, ambao hawatatia saini mkataba wa riba hata iwe 2%. Ipo njia ya ushirika unaopungua: benki na mnunuzi wananunua nyumba pamoja, tuseme benki sehemu 80 na mnunuzi 20, kisha mnunuzi anailipa benki kodi ya pango kwa zile sehemu za benki huku akizinunua kidogo kidogo mpaka ziishe. Ukifanya hesabu kwa penseli unaweza kuona rejesho linafanana na la mkopo wa kawaida, na wapo wanaotucheka kwa hilo. Lakini hatari haifanani, maana nyumba ikibomoka kabla ya wakati benki nayo imepoteza sehemu zake. Amana Bank imekuwepo tangu 2011, na PBZ, benki ya watu wa Zanzibar, ina huduma zake za Kiislamu. Kiongozi wa chombo cha fedha za nyumba asiyeujua mkataba huu amelifunga nusu ya soko la pwani kabla hajafungua ofisi.

Kisha msisahau kwamba maghorofa ya Michenzani yalianza kujengwa enzi za Mzee Karume bila mwananchi kutia saini rehani yoyote. Nayo ilikuwa sera ya fedha za nyumba, ya aina yake.

#16 Kokoto

Nayo nani anayapaka rangi?

#17 Mkunazini

Swali zuri, na mwaka huu mimi si mjumbe wa kamati ya jengo, alhamdulillahi.

#18 Mbali_na_Ziwa

Naishi Minnesota kwa miaka 17. Nataka kuongeza jambo moja juu ya sehemu ngumu ya sentensi ya Mzee Karani, ile ya kuwa na kazi siku ya pili yake.

Hapa jimboni kuna chombo cha umma kinachoitwa Minnesota Housing, kiliundwa 1971, na kamishna wake anateuliwa na gavana. Hakina matawi. Kinauza hatifungani ambazo mapato yake hayatozwi kodi ya mapato ya shirikisho, kwa hiyo mwekezaji anakubali kupata riba ndogo, na nafuu hiyo inamfikia mnunuzi kupitia benki ya kawaida ya mtaani kwake. Nyumba yangu ya kwanza nimeinunua kwa njia hiyo, riba isiyobadilika kwa miaka 30. Ukitazama vizuri, kilichoshusha riba si ujuzi wa kamishna, ni Serikali kuu kukubali kutokusanya kodi fulani. Kwa hiyo Hesabu_za_Jioni na Kokoto wote wana haki kwa kiasi.

Lakini ngazi ya taifa ndiko kwenye somo la ajira. Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni mbili kubwa zinazonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa mabenki, zilipoyumba Septemba 2008, ziliwekwa chini ya uangalizi wa FHFA, wakala mpya wa Serikali wa kusimamia fedha za nyumba, na baadaye zilivuta kutoka Hazina zaidi ya dola bilioni 180. Sheria ya mwaka huohuo ilimpa mkurugenzi wa FHFA muhula wa miaka 5 na ulinzi kwamba Rais hawezi kumwondoa bila sababu maalumu. Ulinzi huo ulidumu hadi Juni 2021, Mahakama ya Juu iliposema unakiuka Katiba, na siku hiyohiyo mkurugenzi aliyekuwepo, Mark Calabria, akaondolewa na Rais Biden. Wapo wanaosema ni sawa, kwa kuwa mtu anayesimamia rehani za nchi nzima lazima awajibike kwa aliyechaguliwa. Wapo wanaosema sasa kila mkurugenzi ataongoza huku akitazama dirisha la Ikulu. Sijaamua.

#19 Karani_Mstaafu

Asante kwa maelezo. Ningependa kusema kwamba muhula unalinda, lakini nimeona watu wenye mihula wakitii vikaratasi na nimeona mmoja asiye na muhula wowote akivirudisha. Huyo wa mwisho alikuwa na mke mwenye duka kubwa la vitambaa. Alituambia wenyewe, tukiwa kwenye chai, kwamba mshahara wa umma ulikuwa wa kununulia sigara tu. Sijui somo la hapo ni lipi, na sidhani kama linaweza kuandikwa kwenye tangazo la kazi.

#20 Mzee_wa_Lenta

Nimesoma mabandiko 19 na hakuna hata mmoja aliyetaja saruji.

Mimi ni fundi, miaka 26. Katika wateja wangu wote, waliojenga kwa mkopo wa rehani nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Waliobaki wanajenga hivi: mwaka wa kwanza kiwanja na msingi, mwaka wa pili tofali, zinapigwa palepale uwanjani na kupangwa zikinyeshewa mvua, mwaka wa tatu kuta hadi lenta. Hapo fedha zinaisha na boma linakaa miaka miwili likiota majani ndani. Kisha mtu anapokea kibubu au mafao au mchezo wa ofisini, anapaua, anahamia kwenye chumba kimoja chenye mlango, na ripu anapiga akiwa anaishi humohumo. Mtu huyo hahitaji milioni 60. Anahitaji milioni 6 za kupaua, mwezi huu, kabla ya masika, bila mthamini. Akizipata atazilipa kwa miaka miwili, kwa sababu anaacha kulipa pango siku anayohamia. Na boma likikaa wazi mvua mbili, lenta inapasuka na kozi za juu zinabomolewa. Gharama hiyo hamjaiweka kwenye hesabu yenu ya riba.

Kiongozi wenu awe mtu aliyewahi kulala kwenye nyumba isiyokuwa na madirisha.

#21 Dirisha_la_Kusini

Mzee wa Lenta anasema kweli, na si wazo jipya: mradi uleule wa Benki ya Dunia ulikuwa na sehemu ya mikopo midogo ya nyumba kwa ajili ya watu wa aina hiyo, kupitia Benki Kuu. Ugumu wake ni gharama. Kumhudumia mkopaji wa milioni 6 kunamgharimu mkopeshaji karibu sawa na kumhudumia wa milioni 60, kwa hiyo riba inapanda, na tunarudi kwenye bandiko namba 8.

#22 Mpima_Ardhi

Tena boma lisilo na hati huwezi kuliweka rehani, kwa hiyo mkopo huo unalindwa na mshahara au na wadhamini tu. Nasisitiza: ardhi kwanza.

#23 Mzee_wa_Lenta

Ardhi kwanza, sawa, lakini mvua haisubiri hati.

#24 Msingi_Imara

Wakuu, nimezungumza na mama.

Anasema Agosti 1986 baba hakuacha kulipa, alimaliza. Deni lililobaki lilikuwa la miaka mingi bado, lakini kila kitu kilikuwa kimepanda bei isipokuwa rejesho lake. Siku moja aliuza baiskeli yake ya Phoenix na redio ya mbao, akaenda benki na fedha hizo, akalilipa deni lote lililobaki, akarudi Sinza kwa miguu. Mama anakumbuka kwamba alirudi akicheka, akasema mkopo wa nyumba ya vyumba vinne umeisha kwa baiskeli. Hati aliifuata mwenyewe wiki mbili baadaye, na ipo hadi leo.

Kwa hiyo Mzee Karani, naomba uiondoe ile kauli ya bandiko namba 3.

#25 Karani_Mstaafu

Nimeiondoa, na namwomba radhi mama.

#26 Hesabu_za_Jioni

Mleta uzi, unajua kwamba umelijibu swali lako na kulivuruga kwa wakati mmoja? Miaka ile mfumuko wa bei ulikuwa karibu 30% kwa mwaka, na riba za mikopo zilikuwa zikipangwa kutoka juu, chini kabisa ya hapo. Mdaiwa mwaminifu kama baba yako, aliyelipa hadi senti ya mwisho, aliirudishia benki thamani ndogo kuliko aliyokopeshwa. Benki ingepata hasara hata kama wote wangelipa na hata kama hakuna kikaratasi chochote kilichobanwa kwa pini. Kisha baada ya Tume ya Nyirabu, ile iliyochunguza mfumo wa mabenki, na sheria ya mabenki ya 1991, benki za umma zikaambiwa zisimame kwa miguu yao, na hii ilikuwa na miguu iliyokwisha kuliwa.

Mkurugenzi yupi angeizuia hali hiyo? Angepandisha riba, Serikali ingekataa. Angeacha kukopesha, wangesema anawahujumu wafanyakazi.

#27 Karani_Mstaafu

Ni kweli kwa waliolipa, lakini si wote waliolipa. Usitumie baiskeli ya mzee mmoja kuwafutia dhambi wenye wino mwekundu. Nilikuwa dirishani mimi.

#28 Kokoto

Kwa hiyo tukubaliane kwamba ni mtu wa benki.

#29 Mpima_Ardhi

Hatujakubaliana lolote. Shangazi, kabla hujalipia mthamini wa pili, nenda kwanza Kinyerezi ukatazame mawe ya mipaka ya kiwanja chako yote manne yapo. Wathamini wengine hawayatafuti, na msajili hayaoni kutoka ofisini.

#30 Shangazi_Tabata

Nimetoka huko sasa hivi, viatu vina tope mpaka kwenye kisigino. Mawe matatu yapo. La nne, la upande wa bondeni, jirani ameezeka banda la kuku juu yake, na anasema yeye alinunua hivyohivyo.

#31 Mpima_Ardhi

Piga picha, usigombane naye, na usimwambie yule kijana wa benki. Nitumie namba ya kitalu na ya kiwanja kwa ujumbe binafsi, Jumamosi nitapita na kifaa changu.